Tupeane uzoefu: swali la chemsha bongo la Queen lililokutoa jasho

Wadau, salaam. Mimi ni mpenzi wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza aliyoiimbia Freddie Mercury, tangu enzi za kaseti. Juzi tulikaa barazani Mji Mkongwe, jamaa mmoja akatutegea fumbo: "Kwenye nembo ya bendi kuna simba wawili, kaa mmoja na vichimbakazi wawili. Freddie ni yupi?" Nikajibu papo hapo: simba. Mtoto wa Unguja, sauti kama ile, atakuwa nini tena? Nikakosa, na usingizi sikupata.

Mwenye jibu asubiri kidogo. Kwanza kila mtu atueleze swali lililomshinda, na jibu alilipataje.

Fundi Redio, Tanga
Mimi niliulizwa nani katunga "Another One Bites the Dust". Nikaapa ni Freddie. Kumbe ni John Deacon, mpiga besi, yule mkimya. Na "I Want to Break Free" ya 1984 ni yake pia! Nikaanza kumfuatilia. Alisomea elektroniki, na siku moja aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la taka mtaani London, akaipachika ndani ya kabati dogo la spika, akaiwasha kwa betri ya volti 9. Ikawa amplifaya, na Brian May, mpiga gitaa wao, akarekodi nayo miaka na miaka. Mtu anayeshinda na solda mkononi ataelewa nilivyojisikia. Hapa mezani pangu kuna bodi za redio mbovu kama ishirini hivi, na hakuna atakayenishawishi kuzitupa.

Mama wa Kibokoni
Wanangu, mimi halikunishinda. Mwanangu aliniuliza ni neno gani la Kiarabu limo kwenye "Bohemian Rhapsody" ya 1975, akidhani sitajua. Kaka yangu alikuwa baharia, alituletea santuri ile nikiwa msichana. Marehemu baba alikuwa anapita ukumbini, tasbihi mkononi, akasikia "Bismillah". Akasimama mlangoni. "Hebu rudisha sindano." Tukarudisha mara tatu. Akauliza huyu kijana wa wapi. Kaka akamwambia ni Mparsi, huyo Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 1946, wazazi wakahamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Baba akatikisa kichwa, akasema, "Basi neno hilo kalisikia utotoni." Hadi leo kipande kile kikifika namuona pale mlangoni.

Seremala wa Keko
Swali langu: gitaa la Brian May limechongwa kwa mbao ya nini? Nikataja mninga, nikataja mkongo, nikaishiwa. Shingo yake ni mbao ya sehemu ya kuotea moto nyumbani, kuukuu, imetobolewa na wadudu. Alianza kulitengeneza 1963 na baba yake, matundu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni ni vifungo vya chaza vya mama yake. Nimeziba matundu ya bungua maisha yangu yote, wala sikujua kazi hiyo imefika tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley London, 1985.

Msoma Nyota
Fumbo la baraza ni falaki tu, wazee wetu wangelitegua. Deacon kazaliwa 19 Agosti, Roger Taylor mpiga ngoma 26 Julai: Simba wote wawili. May 19 Julai: Kaa. Freddie 5 Septemba, nyota ya Mashuke, ambayo Wazungu huichora kama bikira. Ndio wale vichimbakazi. Nembo aliichora Freddie mwenyewe, alisomea uchoraji.

Mwanzisha mada
Hapo umemaliza, ndugu yangu! Leo jioni nakwenda nalo barazani. Nami nawaachia jingine: kati ya wanne hao, mmoja alianza kusomea udaktari wa meno, mwingine akatunukiwa shahada ya uzamivu 2007 kwa kuchunguza vumbi la angani. Nani na nani? Msichungulie mtandaoni.