Wakili wa serikali akiacha kazi, azuiwe kutetea kesi za uhujumu uchumi?

Mleta mada, Sekei: Kuna wanaotaka wakili wa serikali akitoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka akae miaka 2 kabla ya kutetea washtakiwa wa rushwa, uhujumu uchumi na utakatishaji fedha. Napinga. Anachoondoka nacho ni ujuzi wa kusoma jalada. Chukueni kesi ya fedha za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa. Kabla hajagusa mahesabu, anatafuta ridhaa ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) na hati inayoipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza kosa la uhujumu. Ofisa wa mkoa akisaini ridhaa kwa kifungu kidogo ambacho ni cha DPP mwenyewe, Mahakama ya Rufani inafuta mwenendo wote, hata kama mtu ameshaanza kifungo. Halafu maelezo ya onyo, yale ambayo mshtakiwa anaandikiwa polisi: yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu kukamatwa, zikipita bila kuongezwa kisheria, pingamizi lipo. Taarifa ya benki nayo ikishapokelewa kama kielelezo isiposomwa kwa sauti mahakamani, rufani inaiondoa.

Mangi wa Mahesabu, Moshi: Msomi, hayo yote yamo kwenye hukumu, na hukumu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII. Wakili yeyote makini anayaona. Mteja halipi fedha zote zile kwa ajili ya kifungu cha 26 cha ridhaa, analipia simu inayopokelewa. Utakatishaji hauna dhamana. Mhasibu wa chama anabandikwa shtaka hilo juu ya wizi, anakaa gereza la Karanga akisikia "upelelezi haujakamilika", mwisho anabaki na njia moja: makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia kwenye sheria mwaka 2019. Hapo ndipo jina la bosi wa zamani linapata bei.

Dada wa Njiro: Makubaliano yanaandikwa, yanasainiwa, na mahakama inamhoji mshtakiwa kama amekubali kwa hiari yake.

Mangi wa Mahesabu: Kinachoandikwa ni matokeo, dada. Shtaka lipi liondolewe, kiasi gani kirudishwe: hayo yanazungumzwa ofisini, na mahakama haimo.

Mleta mada: Mangi, umemtaja mhasibu wako mwenyewe. Nani atamtoa kwenye utakatishaji? Yule aliyewahi kuandika hati za mashtaka ya aina hiyo anajua zinapovuja. Fedha kutoka akaunti ya chama kwenda kwa mke, zikalipa ada ya shule: huo ni wizi na matumizi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ionyeshe nia ya kuficha chanzo, na mara nyingi hati ya mashtaka inarudia maneno ya sheria tu.

Dada wa Njiro: Marekani wamegawanya. Shauri ambalo mtumishi wa serikali kuu alilishughulikia mwenyewe, haruhusiwi kabisa kuligeukia. Yaliyokuwa chini ya mamlaka yake mwaka wa mwisho, miaka 2. Kazi ya utetezi yenyewe hawajaifunga. Mary Jo White aliongoza mashtaka ya serikali kuu Manhattan, 1993 hadi 2002, akaenda kampuni ya mawakili ya Debevoise & Plimpton. Tuchukue mpaka huo, tuuongezee kumbukumbu ya maandishi ya kila kikao cha makubaliano. Hiyo miaka 2 ya jumla itawaumiza mawakili vijana waliokuwa wakishughulikia wizi wa mifugo.

Mangi wa Mahesabu: Na atakayesema "sikuwahi kulishika jalada hilo"?

Dada wa Njiro: Madokezo ya ndani ya jalada yana saini na tarehe. DPP alifungue jalada, ajibu ndani ya siku 14 kama alilishika.

Mangi wa Mahesabu: Ushauri wa mdomo korido haupigiwi saini.