Yule Bwana wa Safu ya Mbele Amejipepea kwa Maneno ya Baba Aliyefiwa na Mwanawe

Waungwana, assalaam alaykum. Nimetoka ukumbini sasa hivi na baibui sijalivua, na ninaandika kabla hasira hazijapoa, kwa sababu zikipoa nitaambiwa nistahi, nami nitastahi. Jina simtaji. Nyote mnamjua yule bwana ambaye hakuna pazia linalofunguliwa Unguja hii, liwe la maigizo, la taarabu au la dirisha la jirani, pasipo yeye kukaa katikati ya safu ya mbele na kutoa nasaha. Mwezi ukipatwa, naamini atatafuta kipaza sauti atoe neno la shukrani kwa niaba ya wageni waalikwa.

Leo bwana huyo amejipepea kwa ukurasa wa tamthilia niliyoifasiri, wenye maneno ya baba aliyeuliwa mwanawe, na akasema ameshausoma.

Kwa wasiokuwapo, kikao chetu cha kusoma tamthilia kilikuwa kinajadili namna vikundi vya jamii huko Marekani vinavyotenga msimu mzima wa michezo inayohusu maisha ya mashoga na wasagaji. Hivyo ni vikundi ambavyo waigizaji wake hawalipwi: muuza duka na dereva wa basi hutoka kazini jioni, wakapanda jukwaani mbele ya majirani zao wenyewe, na kesho yake wakakutana nao sokoni. Mimi nilipewa kazi ya kufasiri kipande kimoja, nikachagua The Laramie Project, kwa kuwa ni mchezo ambao vikundi vya namna hiyo vimeucheza sana na kwa kuwa ndani yake hakuna jambo hata moja la kumtia mtu aibu akiusoma mbele ya mama yake.

Oktoba 1998, katika mji mdogo wa Laramie, jimbo la Wyoming, vijana wawili walimchukua mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, Matthew Shepard, wakampiga, wakamfunga kwenye uzio nje ya mji na kumwacha hapo usiku wa baridi. Alifariki hospitalini tarehe 12 ya mwezi huo. Moisés Kaufman na wenzake wa kikundi cha maigizo cha Tectonic Theater Project walikwenda mjini humo wiki chache baadaye, wakarudi tena na tena, wakafanya mahojiano zaidi ya 200, na mwaka 2000 wakaonesha mchezo wao kwa mara ya kwanza mjini Denver. Yumo polisi, yumo daktari, yumo mhudumu wa baa, yumo kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli na kumkuta pale kwenye uzio. Wamo pia watu wa dini wanaosema bila kificho kwamba hawakukubaliana na maisha ya Matthew, na maneno yao hayakukatwa.

Ukurasa niliougawa ni ule wa mwaka 1999, baba yake anaposimama mahakamani mbele ya mmoja wa waliomuulia mwanawe. Hukumu ya kifo ilikuwa karibu, naye baba anakubali muuaji aachiwe uhai, afungwe maisha. Nimeufasiri ukurasa huo huku ninalia, na sioni haya kulisema.

Basi yule bwana akaupokea, akaukunja katikati, akajipepea. Hakutazama hata mstari wa juu. Feni za ukumbi zilikuwa zinazunguka kwa nguvu za kung'oa paa, na yeye bado alikuwa na joto linalohitaji maneno ya mzazi aliyefiwa. Akainuka bila kukaribishwa, akatangaza kwamba ameshaisoma tamthilia hii yote, kwamba ni uchafu mtupu, kwamba Zanzibar watu hao hawajawahi kuzaliwa, na kwamba afadhali tusome mchezo wa usafi wa mazingira. Nikamuuliza kwa adabu, mzee wangu, umeusoma ukurasa gani? Akanipepea mimi. Naapa, aliuelekeza ule ukurasa usoni kwangu, akanipepea mara mbili, akasema, "Kaa chini mwanangu, upate hewa." Na ukumbi ukapiga makofi.

Ameisoma wapi? Tafsiri hiyo ilitoka kwenye mashine ya kopi mchana wa leo, karatasi zikiwa bado za moto. Nakala ya Kiingereza ni yangu na haijatoka nyumbani. Ameisoma usingizini?

Mtu ana haki ya kuuchukia mchezo. Hata akiurarua sitalalamika, ilimradi ameusoma. Lakini ukurasa ule una mtoto wa watu aliyekufa na una baba yake anayesema, nasi sote hapa, mtu akisimama kumzungumzia maiti wake, hata wenye watoto wachanga hunyamazisha watoto wao. Yeye alijipepea.

Mkaazi wa Kikwajuni: Pole Mwalimu. Mimi nilikuwa safu ya nyuma na ninathibitisha kila neno, isipokuwa alikupepea mara tatu, si mbili. Bwana huyo mwaka jana alikuja kwenye mazoezi yetu ya mchezo wa mirathi, akasema ni mrefu mno, na sisi tulikuwa bado tunapanga viti.

Mzee wa Darajani: Binti yangu, umetuandikia risala nzima kwa sababu ya upepo? Tangu lini kujipepea kukawa jinai? Mie nimejipepea kwa kadi za harusi, kwa ratiba za uchaguzi na kwa barua ya mwajiri wangu, na hakuna aliyefungua uzi. Na hayo makofi usiyalaumu. Tulikuwa tumeshasikia harufu ya sambusa.

Mwalimu (mwenye uzi): Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kadi ya harusi haina baba aliyefiwa. Ndilo jambo ninalolisema tangu mwanzo. Alijipepea kwa ukurasa ule.

Msomaji wa Mkunazini: Tabia yake siipendi, ila msimamo wake naukubali, na ninataka isemwe wazi. Hii ni nchi ya Waislamu wengi, na Sheria ya Adhabu ya Zanzibar imeyataja mahusiano hayo kuwa ni kosa kwa wanaume na kwa wanawake. Kikao kinachokutana Mji Mkongwe hakina budi kujua kimekaa wapi. Angekupa mkono wa pole kwa kazi uliyoifanya, kisha akapinga, ningempigia makofi kwa mikono miwili.

Mwalimu (mwenye uzi): Ndugu yangu, nimekuelewa, na ungeyasema hayo ukumbini ningekusikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa wewe ungekuwa umesoma. Matthew hakuhukumiwa na sheria ya nchi yoyote. Aliuliwa na vijana wawili kwenye uzio. Hata mtu asiyekubaliana naye kwa lolote anaweza kukaa kimya kwa muda wa ukurasa mmoja huku baba yake akizungumza. Kunipepea usoni si hoja ya dini wala ya sheria.

Binti Shangani: Huyo anayesema hawajawahi kuzaliwa Zanzibar amesahau kwamba Farrokh Bulsara, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyekuwa na mpenzi mwanamume, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hapa hapa tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, kundi la Kiislamu la Uamsho lilipinga na sherehe ikafutwa. Tangu 2019 kuna makumbusho yake mtaani kwetu, na watalii wanalipa kiingilio. Kwa hiyo akiwa picha ukutani inayoingiza fedha, ni fahari yetu. Akiwa mtu kwenye karatasi, bwana wetu anashikwa na joto.

Kaka Michenzani: Mimi kinachonichoma ni vichekesho. Bwana huyo huyo nimemwona kwa macho yangu mawili akicheka mpaka kofia ikamtoka, pale mwanamume alipovaa khanga, akatia wanja na kutembea kwa madaha jukwaani. Alicheka mpaka akahitaji kusaidiwa kukaa. Jukwaa letu limejaa wanaume wa namna hiyo miaka yote, sharti tu wawe wa kuchekwa. Siku mtu huyo anapoletwa akiwa na mama, na baba, na jina, na kaburi, ndipo tunapoambiwa ni mgeni.

Mkaazi wa Kikwajuni: Ahsante Kaka. Hilo lingefaa kuwa uzi wake wenyewe.

Mpita Njia Fumba: Mwalimu, shukuru kwamba umepepewa tu. Mwaka 2012 kule Kampala walionesha mchezo uitwao The River and the Mountain, wenye mhusika shoga, na mtayarishaji wake Mwingereza, David Cecil, alishitakiwa. Kesi ilifutwa Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini humo. Wewe umepata hewa ya bure na unalia.

Msomaji wa Mkunazini: Tena Mwalimu, uchaguzi wako wa mchezo haukuwa mzuri. Kwa hadhira yetu ingefaa The Children's Hour wa Lillian Hellman, wa mwaka 1934: walimu wawili wa skuli ya wasichana wanasingiziwa na mwanafunzi mmoja kwamba wanapendana, wazazi wanawaondoa watoto, skuli inakufa, na mwalimu mmoja anajiua. London, Boston na Chicago waliupiga marufuku. Mtaa gani hapa petu haujui uvumi wa mtoto mmoja unavyoweza kuangusha nyumba ya watu? Ule ungewanyamazisha hata wenye kujipepea.

Binti Shangani: Umempinga Mwalimu juu, halafu chini unampangia mchezo wa pili. Amua.

Msomaji wa Mkunazini: Nimeshaamua. Ninapinga maisha hayo na ninapinga uvumi. Yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Mwalimu (mwenye uzi): Mchezo huo umo katika orodha yangu, na nitaufasiri. Lakini nauliza tena: nani aliyempa yeye mamlaka ya kufunga mjadala kwa ukurasa ambao hajausoma?

Mtoto wa Wete: Samahanini, mimi niko Pemba na nimesoma uzi wote kwa wivu. Ninyi watu wa Mjini mnagombana juu ya nani kajipepea na nini, kwa sababu mna ukumbi, mna feni, mna mashine ya kopi, mna Ngome Kongwe, mna matamasha. Sisi mchezo wa mwisho tuliouona ni wa wanafunzi siku ya kufunga skuli, na kipaza sauti kilikufa katika onesho la kwanza, tukamaliza kwa kutazama midomo yao. Niletewe huyo bwana Wete pamoja na hizo karatasi. Atoe nasaha anavyotaka. Sisi tutazisoma karatasi.

Mzee wa Darajani: Mchukueni kabisa. Boti za asubuhi zipo.

Kaka Michenzani: Suala la kipaza sauti ni la kweli, na si la Pemba peke yake. Leo safu tatu za nyuma hazikusikia chochote Mwalimu alipokuwa akisoma. Mimi makofi niliyapiga nikidhani anayepongezwa ni yeye.

Mkaazi wa Kikwajuni: Hata mimi! Nilisikia "hewa" tu.

Mwalimu (mwenye uzi): Mlipiga makofi bila kusikia?

Mkaazi wa Kikwajuni: Nusu ya ukumbi haikusikia, Mwalimu. Kile kipaza sauti kinaazimwa kwa yule fundi wa harusi, na kila kikao tunaahidiwa kwamba kitabadilishwa.

Mzee wa Darajani: Kabla ya kipaza sauti, semeni kuhusu mchango wa viti. Mimi nimelipa mwezi huu na nimekaa kwenye ngazi.

Mtoto wa Wete: Ngazi ni kitu kizuri. Hapa kwetu ni mkeka. Mwalimu, nakala ya ile tafsiri nitaipataje? Nina watu wako tayari kuisoma kwa sauti, na mmoja wao ana kifua cha kuadhinia misikiti miwili, kwa hiyo kipaza sauti hatutakihitaji.

Mwalimu (mwenye uzi): Nitaituma kwa mtu anayesafiri kesho na boti. Ule ukurasa wa baba nitautoa kopi upya, kwa sababu ule mwingine hakuurudisha.