Walimu na wazazi, naomba ushauri: wanafunzi wanaandikiwa insha na akili mnemba

Mwl_Ruvuma: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Songea. Likizo niliwapa kazi ya kueleza sababu za Vita vya Maji Maji. Wengi wamerudi na Kiingereza ambacho darasani sijawahi kukisikia kwao, na aya zinafanana hadi mpangilio. Mkuu wa shule anataka tutumie programu ya kunasa maandishi ya mashine, atakayenaswa apewe sifuri. Moyo unasita. Hawa wanakwenda kutafuta kazi kwenye dunia ambayo mashine hizi zimeshaingia maofisini. Nikizuia tu, nimewasaidia nini? Nikiwaachia, watajifunza kufikiri lini?

Kijana_wa_Data: Mwalimu, hiyo programu achaneni nayo. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, Julai wakaiondoa kwa sababu ilikuwa inakosea mno. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu za aina hiyo huwasingizia zaidi watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mtoto amekesha anaandika mwenyewe, halafu anapewa sifuri! Huyo hamtampata tena.

Mama Tatu: Mimi ni mzazi na nasema wazuiwe mpaka wamalize kidato cha nne. Chumba cha mtihani wa NECTA hakina simu. Aliyezoea kuandikiwa ataandika nini siku hiyo?

Mwl_Mstaafu: Mama Tatu ana hoja, ila baada ya mtihani watoto hawa watazikuta mashine hizo hizo, na hakuna atakayekuwa amewafundisha kuzihoji. Mwl_Ruvuma, chapisha jibu la mashine, uwagawie, watafute lilipokosea na lilichoacha. Mashine hizi huunda sentensi kwa kukisia neno linalofuata, ndiyo maana zinaweza kukutajia mwaka au jina la uongo bila kusita. Halafu wewe uko Songea! Makumbusho ya Maji Maji yako hapo, na kila Februari 27 wanakumbukwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Wapeleke. Wawaulize wazee wa Kingoni kinachosimuliwa katika familia zao, walinganishe na kitabu na mashine. Alama zitoke kwenye huko kulinganisha, na mtu asimame atetee alichoandika.

Mwl_Ruvuma: Shikamoo Mwalimu. Darasa ni kubwa, siwezi kumsikiliza kila mmoja. Na wapo ambao kwao hakuna simu kabisa. Hao ndio wananiuma zaidi.

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Kundi moja kila kipindi, na wewe ndiye unayechagua nani ajibu, hivyo wote watajiandaa. Simu yako moja inatosha: darasa litunge swali, liandikwe ubaoni, uliingize, uwasomee jibu. Kisha waulize, "Tutajuaje kama ni kweli?" Hapo asiye na simu anajifunza sawa na mwenzake.

Kijana_wa_Data: Waonye pia wasiingize majina kamili, namba za simu wala picha za wenzao. Kuhusu umri, mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza isiwe chini ya miaka 13 darasani.

Mwl_Ruvuma: Nimewaelewa. Jumatatu naanza na mkuu wa shule, nitampelekea hayo ya Stanford kabla hajalipia hiyo programu. Mama Tatu, insha za kuandika kwa mkono ndani ya kipindi zinabaki palepale, hizo siziondoi.