Mizani imegoma baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: apunguze kula au asipunguze?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Naleta swali kwa niaba ya watu wawili. Mmoja yuko wiki ya 4 tangu afanyiwe slivu (ule upasuaji wa kukata tumbo likabaki kama mrija), na mizani haijasogea kwa siku 11. Wa pili yuko mwezi wa 14 baada ya baipasi (ule wa kutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo), na hajapungua tangu mwezi wa 11. Wote wawili wanaambiwa na watu wa karibu wapunguze kula. Ni sawa?

Jibu la nesi wa kliniki ya upasuaji

Dada, asante kwa kuwatenganisha. Hao wawili wamekwama kwa sababu tofauti kabisa, na ushauri mmoja utamuumiza mmojawapo. Nianze na wa wiki ya 4.

Huyo asipunguze hata kijiko. Kinachomkwamisha ni maji. Ini na misuli hutunza akiba ya sukari iitwayo glikojeni, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu 3 za maji. Siku za mwanzo anakula kidogo mno, akiba inatumika, maji yake yanatoka, na kilo zinaporomoka. Akishaanza vyakula laini, sehemu ya akiba inajijaza upya na maji yanarudi nayo. Mafuta bado yanayeyuka, ila mizani haiwezi kutofautisha maji na mafuta. Mgomo huu huja sana kati ya wiki ya 2 na ya 6, hasa ya 3, na mara nyingi huisha wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu.

Akikata chakula sasa, kinachopungua kwanza ni protini, na mwili unaanza kujilisha misuli yake. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 nywele nyingi hukatika hata kwa anayekula vizuri. Kwa asiyepata protini hali huwa mbaya zaidi. Alenge gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichoiva zina kama 30, samaki kama 22, maharage yaliyoiva 8 au 9. Piga hesabu: kufikisha gramu 60 kwa maharage peke yake anahitaji zaidi ya gramu 650, na tumbo la wiki ya 4 haliwezi. Ndiyo maana mtu anaweza kula "chakula bora" kutwa nzima na protini isifike nusu. Maji lita 1.5 hadi 2, kwa mafundo madogo, asinywe wakati wa kula, na asubiri dakika 30 baada ya mlo.

Kuhusu kupima: mara moja kwa wiki, siku ileile, akishaamka na kwenda haja, kabla ya kunywa chochote. Mwenye zamu za usiku apime baada ya usingizi wake mrefu, saa isimshughulishe. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, kwani juu ya zulia inadanganya. Mizani nyingi zina kitufe chini kinachobadili kilo kuwa pauni (kilo 1 ni pauni 2.2), na kikiguswa kwa bahati mbaya mtu anapata hofu bure.

Achukue pia futi ya fundi cherehani. Aipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, asome baada ya kutoa pumzi, futi iguse ngozi bila kuibana. Kiuno kikipungua sentimita mbili huku mizani imelala, amepungua. Mimi naiamini futi kuliko mizani katika miezi mitatu ya kwanza.

Hedhi peke yake inaweza kuongeza kilo moja au mbili za maji. Choo kigumu, ambacho vidonge vya chuma hukileta sana, na mazoezi mapya nayo huongeza uzito wa muda.

Jibu la mtaalamu wa lishe

Naungana na nesi. Huyu wa mwezi wa 14 sasa.

Jambo la kwanza ni kuuliza kama amekwama au amefika. Uzito mwingi hutoka katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Kwa wastani slivu huondoa kama robo ya uzito wa kuanzia, baipasi kama asilimia 30. Aliyeanza na kilo 130 akawa na 92 ameshatoa kilo 38, yaani asilimia 29. Huyo upasuaji umemfikisha pale unapofikisha watu wengi, na haki yake aambiwe hivyo waziwazi badala ya kulaumiwa. Mwili wa kilo 92 unatumia nishati kidogo kuliko wa 130, tena matumizi hayo hushuka zaidi ya unavyotarajia ukiangalia ukubwa wake mpya. Chakula kilichompunguza mwezi wa 5 ndicho kinachomshikilia mwezi wa 14.

Kabla ya kukubali kwamba amefika, akague chakula kinachoteleza. Biskuti, krispi, aiskrimu: hivi hulainika na kupita bila kukaa tumboni. Mtu anayeshindwa kumaliza gramu 100 za nyama anaweza kumaliza pakiti nzima ya biskuti ndani ya saa moja na asishibe. Kunywa huku unakula kunafanya kazi hiyohiyo, kwa sababu kinywaji kinasukuma chakula chini na shibe haiji. Juisi, soda na pombe hazihitaji hata kusukumwa. Pombe, tena, baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka sana.

Aandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku 7, akitumia mizani ya jikoni, pamoja na anachoonja akipika. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Konzi ya karanga, gramu 30, ni kama 175. Pakiti nyingi huandika kilojuli. Gawanya kwa 4.2 upate kalori. Tena soma vizuri kama hesabu ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Saa 1 hadi 3 baada ya mlo wenye sukari nyingi, sukari ya damu inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, njaa kali. Mtu anakula kitamu apate nafuu, na saa mbili baadaye inarudia. Akila protini kwanza, kisha mboga, wanga mwisho na kidogo, mzunguko huo mara nyingi hukatika. Amweleze daktari, na asiendeshe gari akiwa katika hali hiyo.

Dawa nazo ziangaliwe. Insulini, prednisoloni, olanzapini, mirtazapini na pregabalini zinaweza kuzuia uzito kushuka au kuupandisha. Asiache yoyote mwenyewe, aombe zipitiwe. Anayemeza levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) aitenganishe na kalsiamu na chuma kwa saa 4, la sivyo dawa haiingii vizuri. Mwanamke apime mimba hata kama anameza vidonge vya uzazi wa mpango: uwezo wa kushika mimba hupanda uzito ukishuka, na baada ya baipasi vidonge hivyo si vya kutegemewa. Kwa kawaida hushauriwa asishike mimba katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza.

Kutembea pekee hakutoshi. Mara 2 au 3 kwa wiki afanye mazoezi ya kuzidisha nguvu: kukaa na kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara 10, raundi 3. Ikiwa rahisi, avae begi mgongoni lenye chupa za maji. Kila lita ni kilo moja. (Yule wa wiki ya 4 asiinue kitu kizito mpaka daktari wake wa upasuaji aruhusu.)

Swali la nyongeza

Shikamooni. Je, kama upasuaji ulifanyika nchi nyingine na kliniki ya hapa haina faili lake?

Jibu la nesi

Marahaba. Aandikie hospitali iliyompasua aombe ripoti ya upasuaji. Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini hautoshi. Ripoti iwe na aina ya upasuaji, tarehe, na matatizo yaliyotokea. Kwa baipasi iwe pia na urefu wa vipande vya utumbo kwa sentimita. Kwa slivu, kipimo cha mrija uliotumika kama kielelezo wakati wa kukata. Aongeze urefu wake, uzito wa siku ya upasuaji, uzito wa chini kabisa aliowahi kufikia, na majibu ya mwisho ya damu.

Akipiga simu kuomba miadi, asiseme tu "sipungui", maana atapewa karatasi ya lishe na kurudishwa nyumbani. Ataje tarakimu: alianza na kilo ngapi, sasa ngapi, amesimama tangu lini, anakula gramu ngapi za nyama ndipo ashibe. Kama njaa imerudi ghafla na anamaliza sahani ambayo miezi sita iliyopita hakuweza, aseme hivyo hasa. Hapo huangaliwa kwa endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) au eksirei inayopigwa baada ya kunywa dawa maalumu, kama kifuko kimepanuka, au kama kumefunguka njia kati ya kifuko na tumbo la zamani. Chakula kikipita njia hiyo, nidhamu peke yake haitarekebisha. Daktari anaweza kuongeza dawa za sindano za kupunguza uzito kama liraglutidi, semaglutidi au tirzepatidi, au kuzungumzia upasuaji wa marekebisho. Sindano hizo asinunue kwa mtu mtandaoni.

Na wote wawili wasijaribu kuvunja mgomo kwa kushinda na maji tu. Anayekula kidogo mno, hasa akiwa anatapika, anaweza kuishiwa thiamini (vitamini B1) ndani ya wiki chache. Akitapika siku mbili tatu mfululizo apige simu kliniki. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea au kuchanganyikiwa, aende dharura siku hiyohiyo, na anayempeleka awaambie mapema kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ili apewe thiamini kabla ya dripu ya sukari.