Naomba ushauri: mtihani wa sapu (wa marudio) umeahirishwa mara ya tatu sasa

Habari zenu wakubwa. Nasoma stashahada ya famasia, mwaka wa mwisho, na nimebakiza sapu moja tu ya famakolojia. Nilipanda basi kutoka Songea kuiwahi tarehe iliyotangazwa. Nafika Dar es Salaam, nakuta tangazo ubaoni: mtihani umesogezwa wiki mbili. Zikaisha, ukasogezwa tena. Juzi saa nne usiku ukaja ujumbe kwenye grupu la darasa: tusubiri ratiba mpya. Tarehe hakuna.

Nalala sebuleni kwa shangazi. Nauli yenyewe mama aliuza gunia la mahindi. Halafu kichwa nacho kimechoka. Kila makundi ya dawa na dozi zake yakishanikaa, siku inasogea na ninaanza upya.

Afisa taaluma anasema tuvumilie, na CR wetu (mwakilishi wa darasa) anaogopa kuonekana mkorofi. Nafikiria tuandike barua ya pamoja kwa mkuu wa chuo, nakala NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Itatusaidia au tutajiharibia? Na je, nirudi Songea au nibaki? Aliyewahi kupitia hili, tafadhali aniambie alifanyaje.