Wimbo tunaoujua tayari ukitiwa kwenye filamu: unaongeza maana, au ni hisia za kuazima?

Mleta mada

Wadau, kuna hoja nimeisikia mara nyingi kwa watu wanaoipenda filamu kweli, na siikubali. Wanasema mwongozaji akichukua wimbo ambao kila mtu anaujua akautia kwenye tukio zito, amekwepa kazi yake. Badala ya kutufanya tulie kwa kile alichokijenga mwenyewe, anatutoa machozi kwa kumbukumbu zetu. Hisia za kuazima, ndivyo wanavyoziita.

Mimi naona wimbo uliozoeleka unafanya kazi ambayo muziki mpya hauiwezi. Unaingia ukiwa na maana yake tayari, na filamu yenye akili inaigeuza maana hiyo huku tunatazama.

Chukueni *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick, 1968. Kompyuta ya chombo cha anga, HAL 9000, imeshawaua wanaanga wote isipokuwa Dave Bowman. Bowman anaingia kwenye chumba chembamba chenye mwanga mwekundu, anaanza kuchomoa kumbukumbu za kompyuta kipande kimoja kimoja. Muziki hakuna. Tunasikia pumzi zake ndani ya kofia na sauti ya HAL ikimsihi aache. Kisha HAL, akili ikiwa imeanza kumpotea, anasema mwalimu wake alimfundisha wimbo, anauliza kama Bowman angependa kuusikia. Bowman anamwambia auimbe. Ni "Daisy Bell", wimbo wa Harry Dacre wa 1892: kijana anamwomba msichana amuoe, hana uwezo wa gari la farasi la harusi, lakini atapendeza akikaa kwenye baiskeli ya watu wawili. Sauti inazidi kuwa nzito, inaburuta maneno, inazimika.

Sasa hesabuni waliobaki macho ndani ya chombo kile. Ni wawili tu, na mmoja anammaliza mwenzake. Wimbo wa baiskeli ya watu wawili! Isitoshe, mwaka 1961 kompyuta ya IBM 704 pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, iliimbishwa wimbo huo huo, na Arthur C. Clarke, aliyeandika hadithi hii pamoja na Kubrick, alipata kuusikia. Kwa hiyo HAL anapokufa anarudi utotoni mwa kompyuta zote. Muziki mpya ungeyasema hayo yote bila kutuhubiria?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechukua mfano bora kuliko yote ukautumia kutetea yote. Filamu nyingi haziko hivyo. Mpenzi kaondoka, unapigwa wimbo wa kuachwa. Kijana kapelekwa vitani, unapigwa wimbo wa vita hiyo. Wimbo unatusimulia tulichokwisha kukiona.

Halafu umemsahau mtunzi. Katika filamu hiyo hiyo Kubrick alimpa Alex North kazi ya kutunga muziki. North akautunga, ukarekodiwa, ukawekwa kando, akaja kugundua siku alipokaa kuitazama filamu. Wakati wa kuhariri huwekwa muziki wa muda, nyimbo zinazojulikana, ili picha zisiwe kimya. Mwongozaji akiusikia miezi na miezi, sikio lake linauzoea, na lolote atakaloletewa baadaye litaonekana pungufu. Mara nyingi tunachokisifia kama uamuzi wa kisanaa ni mazoea ya chumba cha uhariri.

Mchangiaji wa pili

Hiyo ya North inauma, nakubali. Lakini tazama kisa cha *Casablanca*, 1942. Max Steiner, mtunzi wake, hakuutaka "As Time Goes By", wimbo wa Herman Hupfeld wa 1931. Alitaka aweke wake. Ikashindikana, maana Ingrid Bergman alikuwa ameshakata nywele kwa ajili ya filamu nyingine na matukio yasingeweza kupigwa upya. Basi Steiner akauchukua wimbo asioutaka, akaupitisha ndani ya muziki wake wote, mara wa furaha, mara wa kuvunjika moyo. Ukimsikiliza, humsikii mtu aliyenyang'anywa kazi.

Na kwenye filamu hiyo kuna "La Marseillaise". Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao baani. Laszlo, mpinzani wa Wanazi anayewakimbia, anaiambia bendi ipige huo wimbo wa taifa wa Wafaransa. Wapigaji hawaanzi, wanamtazama Rick, mwenye baa, ambaye tangu mwanzo anasema hajitoi kwa ajili ya mtu yeyote. Rick anaitikia kwa kichwa tu. Baa nzima inasimama, na baadhi ya waigizaji wale walikuwa wakimbizi kweli, wameikimbia Ulaya ya Hitler. Pale wimbo ni kitendo. Baada ya kuitikia kule, Rick hawezi tena kusema hayamhusu.

Mchangiaji wa tatu

Msisahau gharama. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kila mmiliki analipwa kivyake. Mtengenezaji mdogo mara nyingi haanzi hata kuuliza. Mkisema wimbo maarufu ndio unaoizamisha filamu kwenye maana, mnazisifia zenye mfuko.

Mchangiaji wa nne

Na asiyeujua wimbo je? Nimeitazama *Cry Freedom* ya Richard Attenborough, 1987, inayohusu Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi na kufia mikononi mwa polisi. Kwenye mazishi umati unaimba "Nkosi Sikelel' iAfrika". Sisi tuliokua tukiimba "Mungu ibariki Afrika" tunaijua sauti ile kama wimbo wa taifa, wa kusimama wima bendera ikipanda. Pale unaimbwa na watu ambao serikali yao ina wimbo mwingine kabisa. Sauti ambayo kwetu ni ya dola, kwao wakati ule ilikuwa ya kuipinga dola. Nilisimamisha filamu. Hakuna maelezo yaliyonionyesha walichokosa kama ile nafasi kati ya nilichozoea na nilichokuwa nakiona. Asiyeujua ataona mazishi ya kusikitisha, basi.

Mleta mada

Mchangiaji wa nne, umeieleza hoja yangu kuliko mimi. Wa kwanza, nakupa haki yako: toa wimbo, weka mwingine wa hali ile ile, na kama tukio linabaki na maana ile ile, basi lilikuwa pambo. Wa tatu, kuhusu fedha sina ubishi, ila "La Marseillaise" ni wa 1792, na nyimbo za zamani za namna hiyo utunzi wake hauna wa kuudai.

Kinachonisumbua ni kingine. *Dr. Strangelove*, Kubrick tena, 1964, inaisha kwa mabomu ya nyuklia yakipasuka moja baada ya jingine, na juu yake Vera Lynn anaimba "We'll Meet Again", wimbo wa 1939 ambao watu waliagana nao wakati wa vita. Ahadi ya kuonana tena, na hakuna atakayebaki wa kuonana na mwenzake. Kwa filamu ni sawasawa kabisa. Lakini mwaka 1964 walikuwapo wajane walioagana na waume zao kwa wimbo ule, na baada ya hapo unarudi kwao na yale mawingu. Mnasemaje, filamu ina haki hiyo?