Kathodi ya moto au ya baridi: fizikia yetu ielekee wapi?

Mtoto wa Wete: Assalamu alaykum. Mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya maikrowevu na mwanga, yanahitaji vifaa vya ombwe, vilivyotolewa hewa ndani, pale nguvu kubwa inapotakiwa, na kifaa cha ombwe hakiendi bila chanzo cha elektroni, yaani kathodi. Naona walimu wetu wa Unguja na Pemba waachane na kathodi ya moto, inayotoa elektroni kwa kupashwa, teknolojia ya televisheni za chogo, wafundishe kathodi baridi, ambayo elektroni zake hung'olewa na uga wa umeme.

Fundi wa Mlandege: Waalaykumu salaam. Mwanangu, chogo usikitaje kwa dharau. Zima taa ya chumbani, tazama nyuma ya shingo yake, utaona wekundu mdogo: ule ni moto wa kathodi, na nimeshika seti zilizowaka miaka na miaka shingo haijaguswa. Nionyeshe kathodi baridi yenye umri huo.

Mtoto wa Wete: Mzee wangu, mafundi sikuwadharau, na inaniuma kusomwa hivyo. Ila kathodi ya tangsteni iliyonyweshwa bariamu hufanya kazi kwenye nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, na bariamu huvukizwa hadi ikaisha. Mtafiti Spindt alikwishaonyesha mwaka 1968 ncha ndogo za metali ya molibdenamu zinazotoa elektroni bila moto. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunapasha!

Bint Chake: Mnagombania chogo, na kiini mmekiacha. Kwenye terahezi 1 urefu wa wimbi ni milimita 0.3, kwa hiyo tundu la kupitishia elektroni huwa dogo kuliko hapo, na mwale unaopita humo huhitaji makumi, hata mamia, ya ampea kwa kila sentimita ya mraba. Kathodi ya bariamu ikidaiwa kiasi hicho yenyewe hufa mapema. Ndiyo maana huundwa pana, kisha mwale ukabanwa na bunduki ya elektroni na kushikwa na sumaku. Ukibanwa kupita kiasi, elektroni husukumana, zikagonga kuta za tundu na kuziyeyusha. Ncha baridi nazo zina adui wake: mabaki ya gesi hugeuka ayoni, chembe zenye chaji, yakarudi kuzitafuna, na ncha moja ikilipuka huweza kuunguza jirani zake.

Fundi wa Mlandege: Gesi, Bi Chake, ndiyo hoja yangu. Kijana anayesifu ncha za molibdenamu amewahi kuvuta ombwe kwa mkono wake? Vijana waje kwetu kwanza.

Mtoto wa Wete: Karakana ya chogo haina pampu ya ombwe, mzee, kioo kilikuja kimezibwa kiwandani. Nani basi atafundisha kuvuta ombwe, na pampu iwekwe Unguja au Pemba?

Bint Chake: Iwekwe penye umeme usiokatika. Pampu ikizimika katikati ya kazi, kathodi ya moto hutiwa sumu na hewa, na ya baridi huharibika vilevile.